Ushuru wa kila mwezi au hesabu ya mwaka, nyumba za kulala au maduka: ulinganisho kwa mwenye ploti Nakuru, Kisumu na magharibi

Mwenye ploti ya hamsini kwa mia huko Mawanga, Kiamunyi, Mamboleo au Lurambi akianza kujenga, fundi humuuliza anataka vyumba vingapi. Swali la ushuru huja baadaye sana, mara nyingi ujumbe wa KRA, mamlaka ya ushuru, ukiwa tayari umeingia kwenye simu. Kufikia hapo mambo mengi yameshaamuliwa: amejenga nini, kwa pesa ya nani, na ameandikiana nini na wapangaji. Sheria za Kenya hazimpimi kila landilodi kwa kipimo kimoja. Watu wawili wenye majengo yanayofanana, kodi inayofanana na mtaa mmoja wanaweza kulipa ushuru unaopishana kwa zaidi ya maradufu, na wote wawili wakawa ndani ya sheria.

Ndiyo maana nalinganisha mambo haya sasa, kabla ya jiwe la kwanza. Nitakaa zaidi kwenye njia mbili za kulipa ushuru wa nyumba za kulala, kisha nyumba za kulala dhidi ya maduka, na mwisho nyumba za serikali zinazojengwa karibu nasi. Ninaposema kodi namaanisha pesa ya mpangaji. Ushuru ni ule wa serikali.

Njia ya mwezi: asilimia 7.5 bila maswali

Njia hii ilianza Januari 2016 kwa kiwango cha asilimia 10. Tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea kwa nyumba za kulala. Inamhusu mkaazi wa Kenya ambaye kodi yake kwa mwaka inazidi Sh288,000 na haizidi Sh15 milioni. Kwa mwezi, hiyo ni kuanzia juu kidogo ya Sh24,000 hadi Sh1.25 milioni, kwa hiyo inawabeba karibu landilodi wote wa kawaida wa Free Area, Pipeline, Migosi au Kefinco.

Uzuri wake ni wepesi. Unajumlisha kodi ya mwezi, unatoa asilimia 7.5, unajaza ritani kwenye iTax, tovuti ya KRA, na kulipa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ikiwa mwezi huo vyumba vyote vilikuwa vitupu, unajaza ritani ya sufuri. Ushuru huo ni wa mwisho, maana yake kodi hiyo haichanganywi na mshahara wako wala faida ya duka lako. Hata hivyo ritani ya mwaka, ile ya Juni 30, bado unaijaza.

Ugumu wake ni kwamba hakuna gharama inayokatwa. Paa likiezuliwa na upepo wa ziwa, choo kikijaa, benki ikichukua nusu ya kodi kama riba, asilimia 7.5 inahesabiwa juu ya pesa yote iliyoingia. Serikali haikuulizi umebaki na nini.

Njia ya mwaka: unalipa juu ya kilichobaki

Sheria inakuruhusu kujitoa kwenye njia ya mwezi kwa kumwandikia Kamishna wa KRA barua. Ukijitoa, kodi yako inaingia kwenye hesabu ya mwaka pamoja na mapato mengine, na gharama zinakatwa kwanza: ukarabati, riba ya mkopo uliojengea, bima, ushuru wa ardhi wa kaunti, malipo ya ajenti na ya msimamizi wa ploti. Riba ndiyo inayokatwa, marejesho ya mkopo wenyewe hayakatwi. Jambo hili huwachanganya wengi wanaotazama makato ya benki na kudhani yote ni gharama.

Kinachobaki kinatozwa kwa ngazi. Sh288,000 za kwanza ni asilimia 10, Sh100,000 zinazofuata ni asilimia 25, na kutoka hapo hadi Sh6 milioni ni asilimia 30. Kisha unapunguziwa Sh28,800 za nafuu ya kila mlipaji kwa mwaka, ikiwa mwajiri wako hajaitumia kwenye mshahara. Kama ni kampuni, hakuna ngazi, ni asilimia 30 moja kwa moja.

Ushuru wa njia hii ukifika Sh40,000 kwa mwaka, hausubiri mwaka uishe. Unalipwa kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Anayejitoa kwenye njia ya mwezi ili apumzike na tarehe 20 atakutana nazo tena.

Jengo moja, watu wawili

Tuchukue mfano wa kubuni lakini wenye bei zinazoeleweka. Bedsita 12 mjini Nakuru, kila moja Sh6,000. Kwa mwezi ni Sh72,000, kwa mwaka Sh864,000. Ukarabati, usafi, msimamizi, bima na ada za kaunti tuseme ni Sh180,000. Mwenye jengo wa kwanza hana kazi nyingine, kodi ndiyo riziki yake. Wa pili ni mwalimu ambaye mshahara wake umeshapita Sh32,333 kwa mwezi, yaani kila shilingi inayoongezeka inatozwa asilimia 30, na nafuu yake imeshatumika kwenye mshahara. Kisha tuweke hali ya pili: jengo lilelile, lakini limejengwa kwa mkopo ambao riba yake mwaka huo ni Sh450,000.

| Hali | Njia ya mwezi | Njia ya mwaka, asiye na mshahara | Njia ya mwaka, mwalimu |
|---|---|---|---|
| Bila mkopo (faida Sh684,000) | Sh64,800 | Sh113,800 | Sh205,200 |
| Na riba ya Sh450,000 (faida Sh234,000) | Sh64,800 | Sh0 | Sh70,200 |

Bila mkopo, hakuna mjadala. Njia ya mwezi inashinda kwa wote wawili, na kwa mwalimu inashinda kwa mbali mno. Ajenti au mhasibu anayemshauri mtu asiye na mkopo ajitoe kwenye njia ya mwezi ili adai gharama anamwingiza hasara.

Mkopo ukiingia, wanaachana. Asiye na mshahara halipi chochote kwenye njia ya mwaka, kwa sababu asilimia 10 ya faida yake ni Sh23,400, na nafuu ya Sh28,800 inaimeza yote. Akibaki kwenye njia ya mwezi, anamlipa KRA Sh64,800 kwa pesa ambayo sehemu kubwa ilipita tu mikononi mwake kuelekea benki. Mwalimu, hata baada ya riba yote hiyo, bado anaokoa Sh5,400 akibaki kwenye njia ya mwezi.

Kwa mwenye mshahara wa ngazi ya asilimia 30, mpaka uko mahali pamoja bila kujali ukubwa wa jengo: gharama zinazokubalika lazima zipite robo tatu ya kodi ndipo njia ya mwaka iwe nafuu. Hesabu ni fupi, kwani asilimia 7.5 ya kodi yote ni sawa na asilimia 30 ya robo ya kodi hiyo. Kwa asiye na mapato mengine mpaka unategemea kiasi cha kodi. Katika mfano wetu wa Sh864,000, anaanza kunufaika gharama zikipita kama Sh343,000, yaani karibu asilimia 40 ya kodi.

Riba nayo haikai palepale. Mkopo unapopungua, riba hupungua, na jengo lililofaa njia ya mwaka katika mwaka wa kwanza huenda lisiifae katika mwaka wa nne. Kabla ya kuandika ile barua kwa Kamishna, omba benki au sako yako ikupe ratiba nzima ya mkopo, yenye riba ya kila mwaka peke yake, kisha ufanye hesabu hii kwa kila mwaka.

Gharama nayo haikubaliwi kwa maneno. Tangu Januari 2024, gharama nyingi hazikatwi bila ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mfumo wa KRA. Riba ya benki na mishahara ziko nje ya sharti hilo, lakini mabati, rangi, mabomba na malipo ya fundi yako ndani yake. Duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini litakupa ankara hiyo ukiitaja PIN yako. Fundi wa mabomba wa Kaptembwa au Nyalenda anayelipwa kwa simu jioni, mara nyingi hana. Kwa hiyo ukipima njia ya mwaka, weka kwenye hesabu zile gharama tu unazoweza kuzithibitisha. Jengo ambalo gharama zake kubwa ni riba lina nafasi nzuri. Lile ambalo gharama zake ni mafundi wa mtaani halina.

Waliosahauliwa chini ya Sh288,000

Kuna jambo linaloniuma hapa, na sioni likizungumzwa vya kutosha. Mwenye vyumba vinne au vitano nyuma ya nyumba yake, akipokea Sh22,000 kwa mwezi, anakusanya Sh264,000 kwa mwaka. Yuko chini ya kiwango, kwa hiyo njia ya mwezi haimhusu. Wengi husikia hivyo na kudhani wamesamehewa. La. Kodi yao inaingia kwenye ritani ya mwaka pamoja na mapato mengine.

Kwa mjane wa Kondele asiye na kipato kingine, hakuna tatizo: akikata gharama za Sh44,000 anabaki na Sh220,000, asilimia 10 yake ni Sh22,000, na nafuu inaifuta. Hadaiwi kitu, ingawa ritani anapaswa kuijaza. Lakini muuguzi wa hospitali ya umma mwenye vyumba hivyohivyo anatozwa asilimia 30 ya Sh220,000, ambayo ni Sh66,000. Mwenzake anayepokea Sh25,000 kwa mwezi, Sh300,000 kwa mwaka, analipa asilimia 7.5 tu, Sh22,500. Mwenye vyumba vichache na mshahara wa kawaida ndiye anayebeba mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu ya Sh3,000 za kodi kwa mwezi.

Hilo ni kosa la sheria na Bunge lingeweza kulirekebisha kwa kuwaruhusu hawa wadogo kuchagua njia ya mwezi wakitaka. Hadi hapo, muuguzi anayepanga kujenga vyumba vinne ana sababu ya kweli ya kufikiria cha tano au cha sita kabla ya kufunga msingi.

Na wale wanaojenga wakiwa Qatar, Saudia au Marekani? Njia ya mwezi ni ya mkaazi. Asiye mkaazi hutozwa asilimia 30 ya kodi yote, bila kukata gharama. Lakini mtu mwenye makao ya kudumu hapa Kenya, aliyekanyaga nchini hata siku moja katika mwaka wa mapato husika, huhesabiwa mkaazi kwa ushuru. Familia nyingi za Kakamega na Vihiga zinazosimamia ploti ya ndugu aliye ng'ambo zifahamu hilo, maana pengo kati ya asilimia 7.5 na 30 ni kubwa.

Nyumba za kulala au maduka

Ploti iliyo kando ya barabara, tuseme karibu na stendi ya Nyamasaria au barabara ya Njoro, inaweza kubeba maduka. Kodi ya duka huvutia, kwa sababu mita zilezile za mraba hulipa zaidi na mpangaji mwenyewe hupaka rangi na kuweka rafu. Tofauti zilizojificha ziko tatu, na ya tatu ndiyo nzito.

Ya kwanza ni ushuru wa mapato. Duka haliingii kwenye asilimia 7.5 hata kidogo. Kodi yake huenda kwenye hesabu ya mwaka, na ushuru mwepesi wa asilimia 3 wa biashara ndogo nao hauhusu kodi ya nyumba. Kwa upande mwingine, sheria hukubali kukata asilimia 10 ya gharama ya kujenga jengo la biashara kila mwaka. Maduka manne ya Sh15,000 yanaleta Sh720,000 kwa mwaka. Ukikata gharama za Sh150,000 na Sh300,000 za jengo lililogharimu Sh3 milioni, kinachobaki ni Sh270,000. Asiye na mshahara halipi kitu. Mwalimu wetu analipa Sh81,000, ilhali kodi hiyohiyo ingetoka kwenye vyumba vya kulala angelipa Sh54,000. Makato hayo ya ujenzi yanataka nyaraka za kila mfuko wa saruji, kwa hiyo anayejenga kidogokidogo kwa pesa ya chama aanze kutunza karatasi siku ya kwanza.

Ya pili ni VAT, ushuru wa ongezeko la thamani. Kodi ya nyumba ya kulala imeondolewa VAT, ya duka haijaondolewa. Ila wajibu wa kujisajili huanza mauzo yakifika Sh5 milioni kwa mwaka, kama Sh416,000 kwa mwezi. Hilo ni jambo la wenye majengo ya Kenyatta Avenue Nakuru au Oginga Odinga Street Kisumu, si la mwenye maduka manne Mamboleo. Wale wakubwa wakiongeza asilimia 16, mpangaji mwenye usajili wa VAT huidai tena, lakini mwenye saluni ndogo hana pa kuidai na kwake ni kodi iliyopanda tu. Kuna upande mwingine usiosemwa: kwa kuwa nyumba ya kulala haitozwi VAT, aliyeijenga hawezi kurudishiwa VAT ya saruji na vyuma. Ameilipa kimyakimya kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia.

Ya tatu ni nani anayeamua ugomvi. Maduka, mahoteli na mikahawa hulindwa na Sheria ya Sura ya 301, ya tangu 1965. Kama hamkuandikiana, au mmeandikiana mkataba usiozidi miaka mitano, au mkataba una kifungu cha kuuvunja kabla ya miaka mitano kwa sababu isiyokuwa kuvunja masharti, basi upangaji huo ni wa kudhibitiwa. Huwezi kupandisha kodi wala kumwondoa mpangaji bila notisi kwenye fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili. Mpangaji akipeleka pingamizi kwenye jopo la majengo ya biashara, notisi yako inalala hadi jopo liamue. Sababu zinazokubalika zimetajwa: deni la kodi la miezi miwili, kuvunja masharti vibaya, kutaka kubomoa na kujenga upya, kutaka kulitumia mwenyewe kwa angalau mwaka. Kumfungia mlango kwa kufuli au kumkamatia mali bila ruhusa ya jopo kunaweza kukugeuza wewe mdaiwa.

Landilodi wengi huiona sheria hii kama adui. Mimi naiona ya haki kwa kiasi kikubwa. Mtu aliyetumia pesa yake kuweka jiko, kaunta na wateja wa miaka minne pale Kondele hastahili kutolewa kwa ujumbe wa simu kwa sababu amepatikana mwingine wa kulipa elfu mbili zaidi. Lakini ni lazima mwenye jengo aijue kabla ya kuchagua. Wanaotaka kuwa huru huandika mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, bila kifungu cha kuuvunja mapema, wakausajili na kuulipia ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya kodi ya mwaka. Hapo unakuwa nje ya Sura ya 301, lakini na wewe umefungwa miaka hiyo mitano na ushei, na kodi inapanda kwa kadiri mlivyoandika tu.

Kwenye nyumba za kulala mambo yamekaa kinyume na mtu angetarajia. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi, na kodi hiyo hupimwa kuanzia ile ya Januari 1, 1981. Kiwango hicho hakijaguswa kwa miongo. Kwa hiyo chumba cha mabati cha Sh2,000 Obunga, Nyalenda au Rhonda kinaweza kuwa chini ya jopo lenye mamlaka ya kukuzuia kupandisha kodi au kumtoa mtu, ilhali nyumba ya Sh30,000 Milimani haina jopo. Hapo mnafuata mkataba wenu, na pasipo mkataba, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua kipindi cha malipo, yaani mwezi kwa anayelipa kwa mwezi. Mswada wa 2021 ulitaka kuunganisha sheria hizi zote chini ya jopo moja, haukupita.

Kwa anayechagua, tofauti ni hii. Mpangaji mbaya wa bedsita ya Sh6,000 atakugharimu miezi michache ya kodi na maumivu ya kichwa. Mpangaji mbaya wa duka asiye na mkataba ulioandikwa vizuri anaweza kukaa katika kesi muda mrefu kodi ikiwa ileile. Ukichagua maduka, pesa ya wakili wa kuandika mkataba ihesabu kama sehemu ya gharama ya ujenzi.

Nyumba za serikali zilizo jirani

Bondeni hapa Nakuru, Makasembo na Lumumba kule Kisumu, majengo ya bei nafuu yamesimama au yanasimama, mengine mahali pa nyumba za zamani. Kila mwenye mshahara anayachangia: asilimia 1.5 ya mshahara wote, na mwajiri asilimia 1.5 nyingine, chini ya sheria iliyotiwa saini Machi 2024 baada ya ile ya kwanza kukataliwa na Mahakama Kuu Novemba 2023. Mpangaji wako wa Sh40,000 kwa mwezi anakatwa Sh600. Na wewe uliyemwajiri msimamizi wa ploti ni mwajiri, kwa hiyo asilimia 1.5 yako inadaiwa pia. Wengi hawalijui hilo.

Miradi hii imepewa ardhi ya umma, na mnunuzi wa nyumba yake ya kwanza humo husamehewa ushuru wa stempu. Mwenye kujenga bedsita 12 kwa mkopo wa sako hana hata kimoja kati ya hivyo. Je, ajenge au aachane, anunue humo kupitia Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizi?

Kwa anayetafuta pa kuishi, nyumba ya serikali inastahili kufikiriwa kwa uzito, hasa kwa njia ya kulipa polepole hadi iwe yako. Kwa anayetafuta kipato cha kodi, haifai. Sheria inamkataza mnunuzi kuuza nyumba hiyo bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, na mali usiyoweza kuiuza unapobanwa ni mali ya kulala, si ya biashara. Ushindani wenyewe utaanzia kwa wapangaji wenye payslip, wale wa nyumba za vyumba viwili na vitatu za Section 58 au Tom Mboya. Mwenye kibarua anayelipa Sh3,500 kwa chumba kimoja Shabaab hana mchango wa nyumba kwenye karatasi ya mshahara, na kwa hali ilivyo bado atategemea chumba cha mtu binafsi. Ningekuwa na ploti leo, ningewajengea hao: vyumba vidogo, imara, vyenye maji na choo cha heshima.

Ningechagua nini

Mwenye mshahara asiye na mkopo mkubwa: nyumba za kulala, kodi ipite Sh24,000 kwa mwezi, abaki kwenye asilimia 7.5 wala asishawishiwe vinginevyo. Asiye na mshahara anayejenga kwa mkopo: nyumba za kulala pia, lakini ajitoe kwenye njia ya mwezi kwa barua, mapema, riba ikiwa kubwa. Maduka yanamfaa aliyestaafu au asiye na mapato mengine, mwenye ploti kando ya lami, na aliye tayari kulipia mkataba wa wakili.

Wengi barabarani hujenga vyote viwili, maduka chini na vyumba juu. Inawezekana, na mara nyingi ndiyo bora, mradi kodi hizo zisikutane. Vyumba vya juu vinalipiwa asilimia 7.5 kila tarehe 20, maduka yanaingia kwenye ritani ya mwaka, na gharama ya paa moja au tangi moja la maji inagawanywa, kwa sababu sehemu ya maduka tu ndiyo inayokatwa. Fungua namba mbili tofauti za kupokelea kodi kabla mpangaji wa kwanza hajalipa. Ukichelewa kulipa, ni asilimia 5 ya ushuru papo hapo na asilimia 1 kila mwezi, na ritani ya mwezi iliyochelewa ina faini yake: Sh2,000 kwa mtu binafsi au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa.